Mwenza wa Kura

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mgongo wako unaendeleaje siku hizi? Sisi huku Mungu anatupa pumzi, tunamshukuru.

Chama chetu cha mafundi cherehani kina jambo jipya. Kila mwenyekiti wa tawi amepewa mwenyekiti wa tawi lingine, wawe wanapigiana simu kila Jumatatu, waelekezane na kutiana moyo. Tuliokota majina kwenye kopo la vifungo. Katibu akatangaza, "Sasa kila mmoja ana mwenza wake." Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Katibu, wa nyumbani ananitosha." Nami nilicheka mpaka machozi.

Wangu ni mama mmoja wa tawi la kule relini, mcheshi kweli. Amenifundisha kuendesha mkutano usiishie kwenye ugomvi. Jumatatu hii alipiga nikiwa napinda sare za shule.

"Tawi halijambo, mwenza?"

"Halijambo."

"Na mwenza mwenyewe?"

Nikamwambia, "Nimepata mwingine tangu Ijumaa. Huyu sikumwokota kwenye kopo."

Hakucheka. Alibaki kwenye simu mpaka nikamaliza pindo.

Ndiyo hivyo, dada. Shemeji yako ameoa. Binti ni mpole, kila asubuhi ananipa shikamoo, nami naitikia. Sijalia. Nasali, nala, nashona.

Kile chumba chako cha uani bado kitupu? Cherehani yangu haitaki nafasi kubwa. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako