Saa Tano za Kuja, Saa Moja ya Kurudi

3 Mei

Mdogo wangu,

Ndege ya kutoka kwenu kuja kwetu inatumia saa tatu, si tano. Aliyesema ni mhudumu wa ndege anayeniletea sare zake hapa kwenye udobi wangu. Jana alikuwa ndani ya ndege hiyohiyo. Ni kilomita elfu mbili na mia moja tu, kasema, usingizi haujakunogea mmeshatua.

Hamjambo? Miguu ya Mama inaendeleaje? Sisi wazima, ila pasi imeniunguza mkono kidogo.

Daktari alimkataza Mama kukaa kitini zaidi ya saa nne. Wewe ukaniambia safari ni saa tano, nikanyamaza miaka sita. Wanao watatu wamelelewa mgongoni kwake. Wangu anamjua bibi yake kwa sauti ya simu. Nieleze.

Dada yako

9 Mei

Dada, shikamoo.

Pole na mkono. Huku hatujambo. Miguu ya Mama inavimba jioni, asubuhi inanywea.

Sikutunga kitu. Ratiba ninayo: ndege inaondoka saa mbili asubuhi, inatua kwenu saa saba mchana. Hesabu mwenyewe. Huyo mhudumu labda huwa anasinzia njiani.

Na usiniandikie kana kwamba nimemfungia Mama kabatini. Natoka alfajiri kwenda kufungua mapokezi ya zahanati. Unadhani watoto wanavalishwa na nani?

Mdogo wako

12 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mkono umepona, roho ndiyo bado.

Kwenye ratiba yako soma na mstari wa chini. Ndege inaondoka huku saa nane mchana, inatua kwenu saa tisa. Kwa hesabu yako, inakuja kwangu kwa saa tano na kunikimbia kwa saa moja. Kwani nanuka, na sabuni yote hii?

Saa zetu zimetangulia zenu kwa saa mbili. Ndiyo maana ukinipigia baada ya chakula cha jioni unanikuta kitandani.

Sikuulizi kama ulikosea makusudi. Kosa lilikufaa, basi. Kila picha unayotuma, Mama yuko katikati yenu, nami naikuza nione kama amevaa gauni nililomtumia. Kila mara ni lako. Mpeleke kwa daktari, umuulize kuhusu saa tatu.

Dada yako

6 Juni

Dada, shikamoo.

Kimya hiki ni changu. Kwanza nilinuna. Kisha nikampeleka Mama. Daktari kakubali, mradi avae soksi za kubana na anyanyuke atembee ndani ya ndege.

Nilimkatia tiketi ya kwenda na kurudi, nikamwambia atakaa kwako mwezi mmoja. Akauliza, "Nani kasema mwezi? Hiyo ya kurudi karudishe. Wewe umeshanifaidi, sasa zamu ya mwenzio."

Nimempata mama wa kulea watoto. Kitindamimba hataki hata kushikwa naye.

Mama amefungasha mpaka mto wake. Anaimba akikunja nguo, Dada. Miaka sita kwangu sijamsikia akiimba. Nilisimama jikoni nikimsikiliza mpaka sufuria ikaungua, na sitakuficha, nilikuonea wivu hadi nikashindwa kula.

Anatua kwenu Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa saba mchana, kwa saa za kwenu.

Mdogo wako