Mfuniko wa Pampu na Neno la Konani

Jumatano, Juni. Baridi, manyunyu tangu asubuhi.

Kuna jambo nimelificha kuhusu kalibu ya mfuniko wa pampu, ile iliyoharibika karakanani kwetu miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Mke wangu alikufa bila kulijua. Padri anayeniletea komunyo hajalisikia, na nimeungama kwake mara nyingi.

Leo sikuweza kufika hata barazani. Miguu imevimba, pumzi fupi. Nimeegemea mto, blanketi mbili, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Daktari alisema nisijichoshe. Nilikuwa nimechoka kabla hajasema.

Wengi mnaosoma ukurasa huu mlipita karakanani, au wazazi wenu walipita. Kwa asiyejua: kalibu ni chuma kilichochongwa shimo lenye sura ya kitu kinachotakiwa. Unamimina aluminiamu iliyoyeyuka, au unasukumia plastiki ya moto, unasubiri ipoe, unafungua. Tulitengeneza kalibu za vifuniko vya chupa, za vishikio vya sufuria, za vipuri vya mashine za kukoboa. Mimi nilichora. Damian alichonga.

Damian ni Mmatengo wa Mbinga, mimi Mngoni wa hapa hapa Songea. Mimi nilisoma ughaibuni miaka mitatu, yeye alifundishwa na bruda wa misheni. Mkono wake ulikuwa bora kuliko kichwa changu. Sikuwahi kumwambia.

"Nyie Wangoni mlizoea mkuki," alikuwa akinitania. "Ukikosea shubiri nzima bado mtu anakufa. Hapa tukikosea unywele, inakufa kazi."

Nami nilimjibu kwamba watu wa kwao hawajui kuchimba kitu kingine zaidi ya ngoro, yale mashimo yao ya kulimia milimani.

Aluminiamu ikipoa hunywea, inapungua ukubwa, kwa hiyo shimo la kalibu lazima lizidi kidogo. Kwetu kazi ya kuzidisha ilifanywa na rula. Tulikuwa na mbili: ya kawaida, na nyingine ambayo kila sentimita yake ilirefushwa kidogo sana, kiasi kile kile cha kunywea. Mafundi waliiita rula ya mwongo. Mimi niliandika vipimo vya kweli, Damian akachonga kwa rula ya mwongo, na kitu kikipoa kinakuwa sawa. Lakini kama mchoraji ameshaongeza mwenyewe kwa hesabu, aliandika neno IMEONGEZWA kwenye kona ya chini ya mchoro, na fundi akatumia rula ya kawaida.

Neno moja tu.

Mwaka ule serikali ilikuwa inauza karakana. Tajiri mmoja kutoka Dar es Salaam alikuja na pampu ya maji ya kigeni, akatuambia tumtengenezee mfuniko wa kukaa juu yake, aone tunaweza nini. Tulielewa. Mfuniko ukikaa, ananunua karakana yote na watu wanabaki. Usipokaa, kila mtu kwao.

Nilitaka aone nilikosoma. Safari hii sikuiachia rula. Nilipiga hesabu ya kila kipimo, nikaongeza kimoja kimoja kwenye karatasi. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Nikaubandika kwenye ubao ulio juu ya mashine ya Damian.

Alichonga wiki saba. Kipande cha chuma kilikuwa kimoja tu, kilichobaki stoo tangu enzi za wafadhili, naye alikishika kama anayenyoa mtoto.

Siku ya majaribio tulifungua kalibu, mfuniko ukatoka unang'aa, hauna hata tundu la hewa. Ukapoa. Damian akauweka juu ya pampu. Matundu ya bolti hayakuonana. Akaugeuza. Akaugeuza tena.

"Wazee," tajiri akasema taratibu, "mmenishonea kofia ya mtu mwingine."

Watu wakacheka. Hata Damian alicheka, maana alikuwa hajaelewa.

Shimo la kalibu likiwa dogo unalipanua. Likiwa kubwa, basi. Chuma ulichokwisha kukiondoa hakirudi. Jioni watu walipoondoka nilipima peke yangu, nikaona shimo limezidishwa mara mbili: mara moja na hesabu zangu, mara ya pili na rula.

Kesho yake meneja alituita. Aliuweka mchoro mezani, akaweka kidole konani. Neno lilikuwepo. Damian aliinama, akalitazama muda mrefu.

"Sikuliona," alisema. "Basi ni macho yangu."

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

Tajiri alichukua upande wa plastiki tu, na watu sita. Mimi nilikuwa mmoja wao. Jina la Damian lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya kuondoka.

Alinunua miwani sokoni. Baadaye nilisikia chuo kimoja cha ufundi kimemtaka akafundishe, akakataa. Alisema mtu asiyeona neno kubwa kama lile asishike chuma cha watu. Akahamia Mshangano, anakolima mahindi hadi leo.

Mwaka jana nilikisimulia kisa hiki hapa hapa kama mzaha. Mlicheka sana. Mmoja wenu aliuliza kama fundi yule siku hizi analiona jembe lake. Nami nilicheka.

Jumapili Damian alikuja kunitazama. Alishuka kwenye bodaboda na kifuko cha maharage, akaingia amejikunja kwa baridi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umezeeka vibaya, mtani."

"Wewe ndiye wa kusema hivyo? Nilidhani nimekuta shuka tupu."

Tulicheka mpaka nikakohoa. Kisha akavua miwani, akaishika mapajani. "Kaka, kabla hatujaachana naomba unisamehe kwa ile kalibu. Niliwaponza watu wengi."

"Nilishasahau, Damian."

"Usisahau. Sema umenisamehe."

Nikasema. Nimekusamehe.

Alifuta macho, akanywa chai, akaondoka amesimama wima kuliko alivyokuja. Tangu hapo chakula hakipiti. Nimekataa hata uji.

Nimemwita arudi kesho. Nitamsomea maneno haya mimi mwenyewe, yote, ndipo niyaweke hapa. Kwa hiyo kama unasoma, yeye ameshasikia. Atakachonijibu ni chake, sitakiandika. Ninachoomba kwenu ni kimoja: mkikutana naye, msimwite tena fundi asiyeona.

Neno lile halikuwepo konani wiki zote saba alizochonga. Asubuhi ile ya kuitwa na meneja niliingia karakanani kabla ya mtu yeyote, nikautoa mchoro ubaoni, nikaandika IMEONGEZWA kwa penseli yangu, nikaurudisha mahali pake.