Baba, Nimepanda Kisichobebeka

Baba yangu,

Nakuandikia mchana, mtoto wangu mdogo amelala na Tina yuko shuleni, na nimekaa kwenye kiti ambacho hakikunjiki. Hiyo njo habari ya kwanza. Nilikinunua kwa fundi wa nyuma ya stesheni, kiti kizito cha mbao, kinataka watu wawili kukihamisha. Ungekiona ungeuliza, "Hiki utakibebaje?" Sitakibeba, Baba. Ni cha kukalia.

Unakumbuka nyumba yetu? Viti vya kukunja, kitanda cha kufungua kwa spana, meza ya kung'oa miguu. Nilipokuwa na umri wa Tina, kufunga mzigo nilijua kuliko kusoma. Sufuria chini, nguo katikati, redio juu na blanketi juu yake. Wenzangu walicheza kamba, sisi wawili tulicheza kukimbia. "Haya, banakuya!" unaita, kama vile watu wanakuja kweli, huku unacheka, nami nakimbilia furushi langu, kichwani, mpaka mlangoni. Nilikuwa nashinda kila mara kwa sababu uliniacha nishinde. Mchezo ule niliupenda sana. Nimekuwa mkubwa ndipo nikaelewa kwamba haukuwa mchezo.

Sikulaumu. Ulikuwa kijana wenye nchi walipowatoa Likasi, wewe na baba yako na mama yako, kwa sababu tu ninyi ni Bakasai, watu wa asili ya Kasai. Nyumba ya matofali mliiacha na chakula motoni. Mkalala stesheni na mvua, mpaka treni ikawachukua kwenda Kasai ambako wewe hujawahi kufika. Miaka ilipopita ukapanda treni kurudi kusini kuiona ile nyumba, ukashuka Kamina kupumzika kidogo. Kidogo! Hapa ukampata Mama, hapa nikazaliwa, hapa Mama akatutoka, hapa ukazeeka. Na kila mwaka ulisema tuko hapa kidogo.

Ulichokiona ulikiona, na ulinipa somo moja: "Mali ni kile unaweza kubeba kichwani ukiwa unakimbia." Kwa hiyo hukujenga. Hukupanda hata mpapai. Kila faranga iliyobaki ikawa kitenge, wax nzuri, kimekunjwa ndani ya sanduku la bati na majani ya kufukuza wadudu. Ulipokuwa mgonjwa ulinishika mkono ukaniambia sanduku ni langu, nisiliachie mtu.

Sasa keti vizuri, Baba.

Nimeviuza. Vyote, isipokuwa kile cha maua ya bluu alichokuwa anavaa Mama. Nilipofungua sanduku nilikuta vya chini vimeota ukungu, na vya juu wanawake wa soko walivigeuza-geuza wakasema, "Eh, hizi ni za bakambo yetu, za mabibi wa zamani." Nililia pale sokoni, na mtoto mgongoni naye akaanza kulia, hajui analilia nini. Ulijinyima nyama miaka yote ile, na zile nguo zilikuwa zinazeeka gizani pamoja na wewe. Hata hivyo nyingi zilikuwa bado nzuri. Nikapata kiasi, nikaongeza cha mikate ya kukaanga ninayouza asubuhi mbele ya shule, nikanunua shamba bondeni, kwenye njia ya kwenda Base, kambi ya jeshi. Si kubwa. Lina kijito ambacho hakikauki. Nimepanda ngazi, Baba. Michikichi, ya mafuta mekundu.

Anayenifundisha ni Mama Ngoie, mwenye shamba la jirani, Muluba wa hapa kabisa. Siku ya kwanza aliniona akapiga makofi. "Mukasai na jembe! Leo mvua itanyesha mawe!" Halafu akaniangalia nilivyochimba mashimo, akaacha kucheka. "Hapana karibu hivyo, mama. Ngazi haipendi kusukumana, haiko bantu ya ku soko." Tukafukia, tukachimba upya. Kati ya mche na mche nimetia karanga na viazi vitamu, maana ngazi itachukua miaka kabla ya kunipa kitu na watoto wanakula leo. Nilipomwambia kwamba miaka hiyo ni mingi, alinijibu akiwa ameinama, hakunitazama hata: "Hiyo miaka itapita tu, upande ao usipande."

Neno hilo nimekaa nalo.

Sasa kuna taabu. Ndugu yako mdogo wa Mwene-Ditu kule Kasai, Baba Mudogo, amesikia. Alinipigia simu kwa sauti ile yake ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Weye mutoto! Miti? Ku inchi ya bantu? Baba yako hakukufundisha?" Amepata mtu anayetaka bonde lile kwa kufyatua matofali. Anataka niuze, tuunganishe fedha, tununue mahindi Kaniama. "Mahindi inageuka feza mu mwezi moja tu. Ile ngazi yako, utakula nini mbele izae?" Anakuja wiki hii, na huyo mnunuzi wake.

Nitakuambia kweli, nilikaribia kukubali. Nimechoka, Baba. Baba Tina wamempeleka mashariki na wenzake wa Base, na mshahara ukija, unakuja umechelewa na umepungua. Mdogo ameugua malaria mara ya pili. Naamka giza bado, nakanda unga, nauza, natembea mpaka bondeni na mtoto mgongoni, narudi, naosha, napika. Mtu aliyechoka akiambiwa "uza", neno hilo ni tamu kama maji baridi. Na bwana wangu nilipomuuliza kwenye simu alisema tu, "Fanya vile unaona, mama." Nilimkasirikia. Nilitaka mtu aniambie.

Basi nikawaza kama ninavyofua, nguo moja moja. Baba Mudogo si mjinga. Mahindi yanaleta fedha upesi, ni kweli. Lakini nimeona pia magunia yakichipua juu ya lori lililokwama kwenye njia ya Kaniama, na mwenye mali amekaa chini ya gurudumu, ameshika kichwa. Na fedha ya upesi ninaijua hapa nyumbani: inapita kama mgeni mwenye safari, hata kiti hakalii. Nikajiuliza, kama hakuna wa kunicheka na hakuna wa kunisifu, na wewe umelala, ningetaka nini? Jibu lilikuja bila kusita. Ningetaka mahali.

Unajua nilivyokua. Shuleni hapa waliniita mgeni, mimi niliyezaliwa mita chache kutoka kwenye reli yao. Nilijifunza Kiluba chao cha salamu, "wafwako", asante, kwa kila kitu, wakacheka. Halafu ulinipeleka Mwene-Ditu kwenye harusi, nikafurahi, nikasema leo nafika kwetu. Shangazi zangu wakasikiliza Tshiluba changu, lugha ya Kasai, wakashika mbavu. "Mukatanga huyu ametoka wapi?" Tukarudi Kamina. Wewe ukanifariji ukasema siku moja tutapata kwetu. Miaka mingi nikawa nangoja hiyo siku. Niliwaza lazima upande mmoja unikubali kwanza, ndipo nianze kuishi.

Hakuna atakayekuja kunikubali, Baba. Nimekwisha kujikubali mwenyewe. Mimi ni Mukasai, na mimi ni mtu wa Kamina, Kiswahili changu kina matope ya pande zote mbili, na watoto wangu wanakipenda hivyo hivyo. Na wewe, samahani, hata wewe ni wa hapa. Tulipokuzika upande wa Mama, wachimbaji waliniuliza kama tutakuhamisha baadaye kwenda Kasai, kama wengine wanavyofanya. Nikasema hapana. Sikumuuliza mtu. Nafikiri uamuzi wangu wote ulianza pale, ila sikujua.

Kwa hiyo somo lako nakurudishia, kwa mikono miwili. Lilikuwa la kweli kwako, na lilitulisha. Lakini ukilifuata mpaka mwisho, mtu anakimbia maisha yake yote na hakuna anayemfukuza. Uliogopa wasikunyang'anye nyumba ya pili, na kwa woga huo hukuwa nayo kabisa. Inaniuma kuandika hivi. Naandika kwa sababu nakupenda, na kwa sababu Tina alianza kuniuliza kwa nini hatuna mti wowote.

Huenda nikashindwa. Kiangazi kinaweza kuwa kikali kuliko kijito changu. Panya wamekwisha kula mioyo ya miche kadhaa, nikapanda mingine na kuizungushia miba. Nikishindwa, nitakuwa nimeshindwa kwa jambo nililoliamua mwenyewe nikiwa macho.

Baba Mudogo atakapofika nitampokea kama ndugu yako. Nitamnawisha mikono, nitampikia bukari na sombe, ugali na kisamvu chenye karanga, ale ashibe. Kisha nitasema. Zamani ningejificha: bwana wangu amekataa, ao marehemu alikataza. Mwanamke akitafuta amani ndivyo anavyofanya, nami nimefanya hivyo sana. Safari hii nitamwambia, "Minyi njo nimekataa, mimi mwenyewe." Atapiga kelele. Jina lako litatajwa. Nitamwacha amalize, halafu nitamwongezea maji.

Mdogo anaamka, nasikia anajigeuza. Acha nimalize.

Lala, Baba yangu. Pumzika sasa, ulikesha miaka mingi kwa ajili yetu. Ninakuahidi hivi: siku wakija kweli, hao uliowasikilizia mlangoni maisha yako yote, nitawakamata watoto wangu wawili na kukimbia, sitageuka nyuma kuhesabu miti. Nitalia nikifika mbali. Lakini mpaka siku hiyo, kama iko, nitaishi hapa kama mtu aliyefika.

Ni mimi, Ntumba wako.