Nililia kwenye Intavyu, na Sasa Wameniita Tena

Mama Florence mupendwa, jambo kwanza, unisaidie maana haya imenifunga kinywa hata nyumbani. Mimi ni fundi wa frigo za baridi na jenereta, tulitoka Pweto ya Kongo, sasa tunalima muhogo kambini huku Zambia, upande wa Nchelenge, na wiki hii depo moja ya kuhifadhi samaki ikaniita kwa intavyu, nikavaa shati ya kanisa, nikajibu vizuri mambo ya gesi na kompresa, watu watatu nyuma ya meza wakawa wananiitikia kwa kichwa, mpaka mama mumoja, wanamuita ba Mwewa kwa heshima, akaniuliza kwa upole, "Kazi hii nani alikufundisha?" Nikasema, "Papa," na sauti ikakatika pale pale, maana papa, baba yangu, aliuawa tulipokimbia vita, hatukupata hata nafasi ya kumuzika, na sikuwa nimemulilia bado, basi machozi yakanishinda, nikalia kama mutoto, ba Mwewa akaniletea maji, sikunywa, nikatoka bila kuaga. Nyumbani mke wangu, jina lake Dada, akauliza, "Ilikwenda je?" nikajibu, "Vizuri, watapiga simu," nikijua ni uongo, na kumbe wamepiga kweli! Wanasema nirudi Jumatatu. Shemeji Simone anasema, "Uwaambie ilikuwa malaria," na mimi naona afadhali nisiende kabisa. Nifanye nini?

Méschac

Méschac mwanangu, pole. Pole ya papa kwanza, maana naona wengi hawajakupa.

Kumulilia papa si kosa. Kosa ni kuondoka bila kuaga, na kubwa zaidi ni hiyo malaria ya Simone. Unataka watu waamini neno lako siku jenereta inazimika, halafu unaanza na uongo? Shemeji abaki nayo.

Na ufikiri kidogo. Walikuona unalia, walikuona unakimbia, na bado wakatafuta namba yako. Mutu mwenye depo imejaa samaki hana nafasi ya kukuita ili akucheke! Walisikia vile unajua kazi, wakapenda.

Basi utaenda. Leo jioni ukae na Dada umwambie yote, na ya papa pia, na machozi yakija, yaache yatoke. Huyo ni mke wako. Jumatatu shati ipigwe pasi, kucha zisiwe na grisi. Ukiingia, usalimie kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," hata kama unatamka vibaya, kisha umwangalie ba Mwewa usoni: "Mama, siku ile niliondoka vibaya, munisamehe. Papa ndiye alinifundisha, na vita ilimuua." Useme hivyo, usiongeze hadithi. Halafu uombe wakuonyeshe frigo zao, maana mbele ya mashine mikono yako inajua kazi. Wakiuliza kitu usichojua, useme hujui, lakini uko tayari kujifunza. Sauti ikikatika tena, uvute pumzi, uendelee pale ulipoachia.

Mimi nitakuombea, lakini wa kuongea ni wewe. Kula kidogo kabla ya kutoka nyumbani, ufike mapema. Nenda, mwanangu. Wanakungoja.