Mate Si Makohozi, Mjomba

Buguruni,
Dar es Salaam.
14 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Zakayo,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na mikorosho imeshaanza kuchanua? Mimi kikohozi kinapungua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza ninachosema, na barua huwezi kuikatiza njiani.

Umemtuma kaka Pantaleo aje anirudishe Masasi kwa kuwa umesikia niko kwenye utafiti, na hutaki mpwa wako afanyiwe majaribio kama panya. Mjomba, sirudi. Nalisema mapema ili mengine uyasome ukiwa umeshakasirika.

Hakuna dawa wanayonijaribia. Wanalinganisha vipimo viwili vya TB, kile cha darubini na cha mashine mpya, waone kipi kinamgundua mgonjwa mapema. Fomu inasema naweza kujitoa siku yoyote nikitaka. Nikitaka mimi, si wewe.

Kosa la kuchelewa kugundulika lilikuwa langu. Siku ya kwanza nilikaa foleni na wazee wa watu, nikapewa kikopo, nikaambiwa nikohoe nitoe makohozi. Mtoto uliyemlea wewe akohoe vile mbele ya watu wazima? Nikageukia ukutani nikatema mate yangu safi, kwa adabu zote. Vipimo vyote viwili vikasema hakuna kitu. Ukafurahi mpaka ukawatangazia wanakwaya, na mimi huku sketi zinanivuka kwa kukonda.

Muuguzi wa utafiti, dada Joyceline, ndiye aliyenipigia nirudi. Akanipeleka nyuma ya jengo, akasimama mbali. Akasema, "Benedikta, ulituletea mate. Adabu iache hapo mlangoni, kohoa."

Nikakohoa kutoka chini ya mbavu. Darubini haikuona kitu. Mashine iliona, mchana uleule. Bila huo utafiti unaoutukana, ningekuwa bado nawapimia wateja vitenge dukani kwa Mama Sejal, kule mtaani Mchafukoge, huku nawaambukiza. Hilo liliniuma, nililia mbele za watu.

Sasa niko wiki ya tatu ya dawa, na ni za miezi sita. Siruki hata siku moja. Mama Sejal amesema kazi yangu ipo palepale, nipone kwanza.

Jingine ni hili. Huyo Pantaleo amefika anakohoa. Basi hanichukui yeye, namchukua mimi: Jumatatu tunaenda kupima. Na wewe ulilala chumbani kwangu wiki nzima ya Pasaka, dirisha tumefunga kwa ajili ya mbu, nami nakohoa. Naogopa, Mjomba.

Nisalimie Bibi Elisaria na mdogo wangu Amira, Mungu awakinge wote na hiki nilichonacho. Uende zahanati upimwe, nao uende nao, usingoje mavuno. Nitapiga simu Jumatano kuuliza, na safari hii utanisikiliza. Wakikupa kikopo, usiwaonee haya. Makohozi, Mjomba, si mate.

Mpwa wako akupendaye, na asiyekutii,
Benedikta