Mke Mwenza Anayeishi Ndani ya Simu

Ijumaa, siku ya maandalio. Mvua ya mchana imenyesha ikaisha, na migomba nyuma ya jikoni bado inadondosha maji. Hapa Kiogoro kila kitu kimelowa, isipokuwa macho yangu.

Sijalia. Naandika hivyo bila kujisifu na bila kuona aibu. Tangu Jumanne, walipokuja kuniambia kwamba mume wangu, Baba Momanyi, ameanguka katikati ya majani chai na hakuamka, nimekuwa kama mtu anayechungulia maisha ya jirani kupitia ua. Napika. Napokea wageni. Wakiimba, naimba. Mtu akinishika mkono, naona tu kwamba mkono umeshikwa.

Wengi mnaonisoma hapa mnanijua kwa mafungu ya Biblia ya asubuhi na mapishi ya mboga zetu za chinsaga. Leo nivumilieni.

Kila kitu cha mazishi kimepangwa, limebaki jambo moja. Momanyi, kifungua mimba wetu, hajui kwamba baba yake amekufa. Na Jumatatu tunazika.

Momanyi yuko Asia, katika nchi ya milima mirefu. Alienda kusoma mambo ya mitambo, akabaki kufanya kazi katika kampuni ya simu ya serikali ya huko. Kazi yake ni kupanda minara. Baba yake aliipenda kampuni hiyo kana kwamba alikuwa na hisa ndani yake. Yeye mwenyewe, katika ujana wake, alipanda nguzo za simu kuanzia Keroka mpaka vijijini, enzi zile simu zetu nazo zilikuwa za serikali, hadi alipopunguzwa kazi akarudi kwenye chai. Wakiongea kwa simu, hao wawili walikuwa wakibishana mpaka uji unapoa.

"Baba, kampuni za watu binafsi zina kasi," Momanyi angesema. "Sisi huku ukitaka hata skrubu, lazima uandike barua."

"Ya mtu binafsi hufuata pesa," baba yake angemjibu huku anacheka. "Ya serikali itachelewa, lakini hata penye nyumba tatu na ng'ombe mmoja itafika."

Sasa imechelewa.

Wiki iliyopita mvua iliporomosha milima ya huko, minara ikaanguka. Kampuni nyingine hazifiki sehemu hizo, kwa hivyo Momanyi na wenzake ndio waliotumwa. Kerubo, binti yangu mdogo, alipiga simu makao makuu akaongea Kiingereza chake chote. Wakamjibu kwa adabu: wako salama, lakini barabara imefunikwa nyuma yao, na hakuna atakayezungumza nao mpaka wao wenyewe wamalize kutengeneza.

Yaani mwanangu yuko juu ya mlima anaunganisha laini ile ile ninayoihitaji kumfikia. Nilimsikiliza Kerubo mpaka mwisho, halafu nikarudi kuosha vikombe.

Nikimpigia, anayeitikia ni mwanamke wa kampuni. Ni sauti iliyorekodiwa, nyororo, kama ya mwalimu wa watoto wadogo. Husema maneno yake ambayo sijui hata moja, kisha unakuja mlio. Momanyi alinieleza zamani: "Mama, baada ya mlio wewe ongea tu. Mtandao ukirudi nitasikia." Basi kila mara mimi husema, "Ni mama. Nipigie," halafu nakata.

Siwezi zaidi ya hapo. Kwetu habari ya kifo hairushwi kwa simu. Mtu huendewa alipo. Hukalishwa, huulizwa kama amekula, hupewa maji, na anayemwambia hukaa karibu ili amshike.

Shemeji yangu Makori haoni hivyo.

"Mama Momanyi, dunia imebadilika. Sema kwa huo mlio, mtoto asikie."

"Asikie akiwa na nani?"

"Si ana wenzake?"

"Watajua kumshika?"

Akaendelea kukoroga kikombe kilichokwisha chai.

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe wangu. Hapa nyumbani tunamwita Magokoro, yaani nyanya. Amempoteza mwanawe, lakini bado yeye ndiye anayetuuliza sisi kama tumekula. Momanyi alipewa jina la marehemu babu yake, kwa hivyo Magokoro humwita "mume wangu", na utani wao hauna mwisho. Jumatano aliposikia ile sauti kwenye simu yangu, alikaa wima.

"Nani huyo anashika simu ya mume wangu?"

"Magokoro, hiyo ni mashine," Kerubo akasema.

"Mashine gani ina sauti ya kuolewa hivyo? Mume wangu ameoa huko na hamkuniambia!"

Watu walicheka ndani ya nyumba ya msiba. Hata mimi nilihisi mdomo wangu ukijivuta. Tangu hapo, kila akimaliza chai anataka aongee na mke mwenzake. "Unampikia nini mume wetu? Usidhani kwa sababu sina meno nimeachika!" Yeye anasema kwa Ekegusii, mwanamke anaendelea na lugha yake, na Magokoro anatikisa kichwa kama watu walioelewana. Nilichoka kumsahihisha. Au labda sikutaka.

Leo, mvua ilipokatika, aliniomba tena nimpigie. Nikamshikia simu sikioni. Nilingoja utani. Haukuja. Alimwacha mwanamke amalize. Mlio ukalia.

"Mke mwenzangu, leo sikutanii," akasema. "Mume wetu akirudi, usimwambie mlangoni. Mvue viatu vya matope. Mkalishe. Mpe maji, umuulize kama amekula. Kisha umshike mkono, umwambie polepole kwamba baba yake amepumzika. Alikuwa kwenye chai yake, hakuteseka. Mwambie tunamlaza Jumatatu, upande wa kulia wa nyumba. Asikimbilie barabara mbovu kwa sababu yetu. Udongo wake wa kwanza nitautupa mimi kwa niaba yake. Akilia, mwache alie. Akinyamaza, usimwache peke yake."

Hayo ya mwisho aliyasema akiwa ameniwekea mkono gotini.

Nilikata simu. Ndipo akili iliponifikia. Maneno yale yote yameingia kule yanakomngojea. Siku Momanyi atakapounganisha waya wake wa mwisho, atasikia sauti ya nyanya yake. Atasikia viatu, atasikia kukaa, atasikia maji, kabla hajasikia baba. Namjua mwanangu. Ataketi.

Sijui kama hilo linatosha. Ndilo tulilo nalo.

"Amesemaje?" Magokoro akaniuliza.

"Amesikia, mama."

Je, nimedanganya, tena Sabato ikiwa mlangoni? Nimejiuliza hivyo tangu mchana, na nimemuuliza Bwana pia. Moyo haunishtaki. Lakini siku hizi moyo wangu hausemi mengi.

Jua linaelekea kuzama nyuma ya kilima cha Nyanchwa. Kila Ijumaa saa kama hii huzima simu, naifungia kabatini mpaka Sabato itoke. Wanaonijua wanajua sina mchezo na jambo hilo. Leo nimeichomeka kwenye chaji, nimeweka sauti mpaka mwisho, na nimeilaza kwenye kiti cha Baba Momanyi. Yeye angesema itafika.

Nilikuwa nataka kumaliza hapa kwa fungu, lakini mlango umefunguliwa. Ni Magokoro, na blanketi lake begani. Hajaniuliza kitu. Ananiambia tu nisogee.