Vyeti Kwanza, Kompyuta Baadaye

Bwera, Ijumaa jioni. Mvua haijakatika tangu mchana na milima yote imemezwa na ukungu. Nimevua viatu vyenye tope, nimekaa kitandani kwenye chumba cha wageni cha chuo, na hasira niliyo nayo chai haiishushi.

Niandike tu. Nisipoandika nitamtukana mtu.

Mnaonisoma mnajua nilivyoihangaikia warsha hii. Kila nikitoka kazini kule Kasese nilikuwa napanga masomo: leo tuanze na hiki, kesho kile, mtu asiyejua kitu asiogope. Nikaja Bwera mara kadhaa kumbembeleza mkuu wa chuo mpaka akakubali, kwa sharti. Wiki moja niwafundishe watu kuandika programu, na Ijumaa aje mwenyewe aone. Akikuta wameandika kitu kwa mikono yao, somo linaingia kwenye ratiba ya muhula ujao na mimi ndiye mwalimu. Akikuta porojo, maabara ya kompyuta inageuzwa ofisi ya mitihani.

Haya. Jumatatu nikakuta hema uwanjani, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, spika zinapasua masikio. Kwa ajili ya somo la kompyuta. Chuo hiki hakiwezi kufungua hata dirisha bila mgeni rasmi.

Mgeni alikuwa afande mstaafu, mtu mzito wa huku. Mimi nimekulia kambini, maafande nawajua, na huyu nina hakika hajawahi kuwasha kompyuta wala hana mpango huo. Alifika adhuhuri, akavumilia hotuba mbili kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino, kisha akasimama. "Mimi iko na mazishi Muhokya. Hiyo vyeti iko wapi? Lete."

Vyeti vilikuwa vya Ijumaa, vya kumalizia. Nikamnong'oneza mkuu kwamba hawa watu hawajagusa hata kibodi. Akanitazama kama nimetema mate kanisani.

"Madamu, mgeni hawezi kuja mara mbili. Tutafungua na kufunga pamoja."

Tutafungua na kufunga pamoja. Mtu amesoma mpaka shahada ya pili, na hilo ndilo lililomtoka kinywani.

Basi wanafunzi wakaitwa mmoja mmoja, wakapeana mkono na afande, wakapigwa picha, wakala pilau. Kabla alasiri haijafika tulikuwa na uwanja mzima wa wataalamu wa kompyuta, na maabara bado ina kufuli.

Jumanne nikafungua mlango nikakaa. Nani aje? Wamehitimu, warudi kutafuta nini? Mmoja nilikutana naye getini, cheti ameshakipiga laminesheni, nikamuuliza mbona haji darasani. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Madamu, mimi nilishamaliza." Wengine walichungulia mlangoni, wakaona hakuna soda, wakaenda zao.

Aliyekuja ni Kavira.

Kavira si mwanafunzi wa chuo. Alikuwa akifundisha hesabu shule ya msingi huko Butembo kabla vita haijamkimbiza, na sasa anauza vitenge na dada yake katika soko la Mpondwe, hapo mpakani na Kongo. Tangazo langu la warsha alilisikia baada ya misa, akaniuliza kama watu wa nje wanaruhusiwa, nikamwambia njoo. Jumatatu hakuitwa jina, cheti hakupata, na pilau yenyewe aliigombania. Jumanne akaketi mstari wa mbele.

"Madame, hii plastiki tuitoshe ao tuiache?"

Maana kibodi zote bado zimevaa nailoni ya dukani. Amri ya mkuu, zisichakae. Tukaiacha, na wiki nzima akabonyeza herufi juu ya nailoni.

Sitawadanganya kwamba mama huyu ana kipaji. Alikosea kila kinachoweza kukosewa. Anafungua mabano anasahau kuyafunga, anafuta mstari mzima kwa bahati mbaya, anaigombeza mashine kwa Kifaransa. Ila kila kosa alitaka kujua limetoka wapi, na hakunyanyuka mpaka ajue. Jana programu yake ikakubali. Inakuuliza ni asubuhi au mchana. Ukijibu asubuhi inakuamkia "wabukire", ukijibu mchana inakwambia "wasibire", salamu ambazo Wakonzo wa huku na Wanande wa kwao husalimiana hivyohivyo. Aliiendesha tena na tena, anacheka peke yake.

"Iko inanijibu, Madame. Kweli iko inanijibu."

Nikafurahi, siwezi kuficha. Nikasema moyoni, mmoja anatosha. Mkuu aje amwone huyu.

Leo mkuu akaja, na mpiga picha. Nyuma yake wahitimu wote, wamepigiwa simu, wameshika vyeti kifuani kama watoto wa komunyo ya kwanza. Hakuuliza nani ameandika nini. Aliangalia vyeti, akaangalia skrini ya Kavira iliyoandika wasibire, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haya ndiyo matokeo," akasema, na hapohapo akatangaza kwamba somo linaanza muhula ujao, mwalimu ni mimi. Wahitimu wakapiga makofi. Walikuwa wanajipigia wenyewe.

Nilichokitafuta mwaka mzima nimekipata, kwa njia ya kijinga kuliko zote.

Kisha picha. Mkuu akaanza kuwapanga wenye vyeti mbele ya kompyuta, akamfikia Kavira, aliyekuwa bado ameketi mahali pake.

"Huyu cheti yake iko wapi?"

Kavira hakumtazama mkuu. Alinitazama mimi.

"Madame, nitoke?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Mdomo huu huu ambao wiki nzima umewasema watu. Nikawaza somo langu, nikawaza muhula ujao, nikawaza jinsi mkuu anavyogeuza maneno akichukizwa. Nikasema, "Utusubiri nje kidogo, dada."

Akachukua mkoba wake, akatoka kwenye mvua. Yule kijana wa laminesheni akakalia kiti chake, mbele ya programu yake, akatabasamu. Picha imetoka vizuri, wameshanitumia. Nilipotoka kumtafuta Kavira alikuwa ameshaondoka.

Nimejaza ukurasa mzima kumcheka afande, mkuu na wahitimu wao. Nyani haoni kundule. Wale niliowaona wajinga hawakujua nani ameandika ile programu.

Mimi nilijua.

Kesho asubuhi napanda boda mpaka Mpondwe, nikamtafute kwenye vitenge. Nitakachomwambia sikijui. Ila nikingoja Jumatatu, najijua, nitakuwa nimeshajitafutia sababu nzuri ya kutokwenda.